Simu na kusoma Kiingereza: msaada kwa watoto wetu walio Marekani na Uganda

Parokia nyingi za mashariki ya Congo zina watoto wake ng'ambo. Katika mwaka wa fedha wa 2024, Marekani ilipokea wakimbizi Wacongo karibu 20,000, na Congo ilikuwa ya kwanza kati ya nchi zote kwa hesabu hiyo. Mpango ule ulisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwisha kufika wako kule, na watoto wao wako shuleni. Karibu nasi zaidi, Uganda inahifadhi Wacongo zaidi ya 500,000, wengi wao Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja. Huko pia mtoto aliyeanza masomo yake kwa Kifaransa na Kiswahili anajikuta mbele ya kitabu cha Kiingereza. Mtaala wa Uganda unaruhusu lugha ya mahali katika madarasa matatu ya kwanza, kisha darasa la nne ni la mpito, na baada yake Kiingereza kinashika nafasi yote. Na lugha ya mahali pale kwa kawaida si Kiswahili chetu.

Wazazi walio kule, na hata babu na bibi waliobaki huku, wanauliza swali moja: ni programu gani tumwekee mtoto kwenye simu kusudi ajue Kiingereza haraka? Makala hii inajaribu kujibu, lakini kwanza inabidi tulipasue swali lenyewe. Kujua kusema Kiingereza na kujua kukisoma na kukiandika ni kazi mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti. Simu inasaidia ile ya kwanza kwa urahisi sana. Kwa ile ya pili inaweza kusaidia, na inaweza pia kuzuia.

Kiingereza cha uwanjani na Kiingereza cha kitabu

Mwaka 1979 mtaalamu Jim Cummins, ambaye amefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, alionyesha tofauti ambayo walimu wanaitumia hata leo. Mtoto mgeni huweza kuzungumza na wenzake vizuri baada ya mwaka mmoja au miwili. Lakini Kiingereza cha shule, kile cha kitabu cha sayansi, cha historia, cha maswali ya hesabu yenye sentensi ndefu, kinamdai kwa kawaida miaka mitano hadi saba mpaka awafikie wenzake waliozaliwa nacho.

Hapa ndipo jamaa nyingi zinapodanganyika, bila kosa la mtu. Mtoto anacheza mpira na wenzake, anacheka nao, anamtafsiria mama yake kwa daktari, na nyumba nzima inasema: huyu amekwisha kujua. Kumbe darasani anakutana na maneno kama "therefore", "although", "evidence", "compare", ambayo hakuna mtu anayeyatumia uwanjani, na ukurasa unamshinda. Kwa kijana aliyefika akiwa na miaka kumi na tano saa inakwenda mbio, kwa sababu shule ya sekondari ya bure ina mwisho wa umri, na miaka mitano hadi saba hana.

Sheria ya Marekani inajua shida hii. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau v. Nichols iliyoanzishwa kwa ajili ya wanafunzi Wachina wa San Francisco, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kilekile na mwalimu yuleyule, bila msaada wowote, si kumtendea sawa na wengine. Ndiyo maana shule inauliza mapema lugha ya nyumbani ni ipi, na ndiyo maana kila mwaka mtoto anapewa mtihani wa Kiingereza. Katika majimbo zaidi ya 35 mtihani huo unatoka WIDA, shirika lililo kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison. Texas ina wake, nayo Iowa na Ohio zinafuata mfumo wa ELPA21. Majibu ya WIDA yanapangwa kwa ngazi 1 hadi 6, katika sehemu nne: kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika. Mzazi akipokea ile karatasi asitazame tu namba ya mwisho. Kwa miaka mingi hesabu ya WIDA imekuwa hivi: kusoma asilimia 35, kuandika asilimia 35, kusikiliza 15, kusema 15. Yaani mtoto anayesema kama mzaliwa wa Kentucky, lakini hasomi, bado hajatoka. Omba mwalimu akuonyeshe zile sehemu nne mojamoja.

Kwa nini anayesoma Kiswahili anakwama

Sisi tuliojifunza kusoma kwa Kiswahili tulipata neema ambayo hatukuijua. Herufi ina sauti yake, vokali ni tano, na mtoto akiisha kujua silabi anasoma neno lolote, hata lile asilolielewa. Kiingereza hakiko hivyo. Kina sauti kama 44 na herufi 26 tu za kuziandikia. Tazama "though", "through", "cough", "enough": mwisho ni uleule kwa macho, na kwa sikio kila moja lina njia yake. "Know" lina k isiyosikika, "write" lina w isiyosikika. Uchunguzi ulioongozwa na Philip Seymour, uliochapishwa mwaka 2003, ulilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha nyingi za Ulaya. Ulikuta kwamba watoto wa Kiingereza, wenye lugha yao wenyewe, wanahitaji zaidi ya miaka miwili kufika pale ambapo wenzao wa lugha zenye maandishi ya wazi wanafika kwa mwaka mmoja. Ikiwa mwenye lugha anataabika hivyo, mgeni asionekane mjinga.

Tena msomaji wa Kiswahili ana mazoea ya kufunga kila neno kwa vokali. "Book" linakuwa buku, "desk" linakuwa deski. Mwenye Kifaransa anapata msaada mkubwa kwa maneno kama "nation", "information", "science", kisha anaangukia mitegoni: "library" ni mahali pa kuazima vitabu, si duka, "actually" si sasa hivi. Nimeona vijana wenye diploma ya serikali wakisoma Kiingereza kwa matamshi ya Kifaransa ukurasa mzima, na maana inawapita.

Basi chombo cha kwanza chenye faida ni kile kinachomfanya msomaji aone neno na kulisikia kwa wakati uleule. Simu na kompyuta za leo zinafanya hivyo bila malipo. Microsoft ina chombo kinachoitwa Immersive Reader, ndani ya Word ya intaneti na ndani ya kivinjari Edge: kinasoma maandishi kwa sauti, kinapaka rangi neno linalosomwa, kinaweza kulikata kwa silabi, na mwendo wake unapunguzwa. Shule nyingi za Marekani zinampa mwanafunzi kompyuta ndogo, na chombo cha namna hii mara nyingi kimo tayari; kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha mtoto kitufe.

Kusikiliza peke yake hakutoshi, na hapa ndipo ninaposhauri jambo ambalo si la kisasa hata kidogo. Mwaka 1979 huohuo Mmarekani S. Jay Samuels aliandika juu ya faida ya kusoma kipande kifupi mara kwa mara hadi kisomeke bila kukwama. Kwa simu inafanyika hivi: mtoto asikilize kipande cha mistari sita au saba, akifuata kwa kidole. Asikilize tena, naye asome pamoja na ile sauti. Mara ya tatu azime sauti, asome peke yake na kujirekodi. Kesho asome tena kipande kilekile, kisha alinganishe sauti mbili. Hata mama asiyejua Kiingereza anasikia wazi kama leo mwanawe amekwama mara nane na kesho mara mbili. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha.

Programu za michezo zenye picha, tufaha na paka na mpira, zina nafasi yake katika majuma ya kwanza. Khan Academy Kids ni nzuri kwa wadogo wa miaka 2 hadi 8, haidai fedha wala haina matangazo. Lakini usimpe kijana wa miaka 13 paka wa katuni. Ataona haya, ataizima simu, au ataihamishia kwenye video. Na kama video haziepukiki (tuseme kweli, haziepukiki), basi yawekwe maandishi ya Kiingereza chini ya picha, si ya Kifaransa, ili jicho lifuate kile sikio linachosikia.

Kuhusu chombo cha kutafsiri

Karibu kila mkimbizi ana Google Translate. Kiswahili kimo tangu zamani, Kinyarwanda kiliingia mwaka 2020, Lingala mwaka 2022. Kwa karatasi ya hospitali, kwa barua ya mwenye nyumba, kwa ujumbe wa mwalimu, ni baraka. Shule nyingine zinatumia programu kama TalkingPoints, ambayo mwalimu anaandika kwa Kiingereza na mzazi anapokea kwa lugha yake, kisha mzazi anajibu kwa lugha yake. Mzazi akiwa na hicho, mtoto hatalazimika kuwa mkalimani wa mambo yake mwenyewe ya shule, kazi isiyomfaa, maana wengine huacha nusu ya maneno njiani.

Lakini kwa kujifunza kusoma, chombo hichohicho kinaweza kumharibu mtoto. Anapiga picha ukurasa wote, anasoma Kiswahili chake, anajibu kwa Kiswahili, anageuza kuwa Kiingereza, anamkabidhi mwalimu. Kazi imekwisha, alama amepata, na jicho lake halikugusa sentensi moja ya Kiingereza. Tangu mwishoni mwa 2022, zilipotokea programu kama ChatGPT, hata kuandika insha nzima kunafanyika hivyo. Mwalimu akigundua, shida. Asipogundua, shida kubwa zaidi, kwa sababu ule mtihani wa kila mwaka unafanywa bila simu.

Ninawashauri wazazi waweke kanuni ya nyumba. Mtoto asome aya yote kwanza hata kama anaelewa nusu. Achague maneno matatu yanayomfungia njia, hayo tu ndiyo ayatafute, na ayaandike kwenye daftari pamoja na sentensi ilimotoka kila moja. Kisha asome aya tena. Katika kuandika, aandike yake kwanza, yenye makosa yake, ndipo aulize chombo: sentensi hii ina kosa gani? Tena mjue kwamba Kiswahili cha kwenye programu hizi ni cha Tanzania na Kenya. Ukiandika Kiswahili chetu cha Bukavu au cha Lubumbashi, chenye Kifaransa ndani, tafsiri inaweza kupotea kabisa, na mtoto akadhani lugha ya nyumbani kwake ndiyo mbovu.

Kiswahili kisitupwe

Wazazi wengine, kwa nia njema, wanakataza Kiswahili nyumbani kusudi Kiingereza kiingie. Ni kosa, na si mimi tu ninayesema. Mwaka 2006 jopo la wataalamu lililoongozwa na Diane August na Timothy Shanahan lilikusanya tafiti juu ya watoto wa Marekani wanaojifunza kusoma kwa Kiingereza kama lugha ya pili. Moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba uwezo wa kusoma katika lugha ya kwanza unasaidia kusoma kwa Kiingereza. Anayejua kutafuta wazo kuu la habari, kukisia maana ya neno kwa maneno ya kando yake, kufuata hoja hadi mwisho, havunji ujuzi huo anapovuka mpaka, anauhamisha. Na mzazi anayelazimishwa kuzungumza na mwanawe kwa Kiingereza cha maneno mia mbili atamwambia nini juu ya maisha, juu ya ndoa, juu ya Mungu?

Kuna mfano mzuri kutoka Canada. Katika shule ya msingi ya Thornwood, Mississauga, walimu walianza miaka zaidi ya ishirini iliyopita kuwaruhusu watoto wadogo wa wahamiaji kuandika vitabu vyao kwa lugha mbili, Kiingereza na lugha ya nyumbani. Wazazi walisaidia upande wa lugha ya nyumbani, kompyuta ikatumika kupanga kurasa na picha, na vitabu vikawekwa kwenye intaneti, hata bibi aliye mbali akaweza kusoma. Katika shule nyingine ya Ontario, wasichana watatu wa asili ya Pakistan waliandika pamoja hadithi ya kuhama nchi, kwa Kiurdu na Kiingereza. Mmoja wao alikuwa amefika Canada majuma machache tu. Katika darasa la kawaida angekaa kimya mwaka mzima. Hapa alikuwa mwandishi, kwa sababu fikira zake ziliingia kwa Kiurdu na wenzake wakasaidia kuzivusha.

Jambo hilo halihitaji mradi mkubwa. Mtoto anasimulia habari kwa Kiswahili huku simu ikirekodi. Anasikiliza sauti yake, anaandika. Halafu yeye na ndugu yake wanatengeneza upande wa Kiingereza, mwalimu anasahihisha, anapiga picha za kutia ndani. Vitabu vya kuanzia viko: African Storybook, iliyozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi fupi za bure zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, na hadithi nyingi zinapatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia. Bloom, ya shirika la SIL, inatoa vitabu vya bure, vingine vyenye sauti, na inakuruhusu kutengeneza chako.

Na Biblia? Washirika wetu wengi wanaanzia hapo, na kwa sehemu wako sawa. Mtoto aliyepita ekodim anajua habari ya mwana mpotevu, Luka 15, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akiisoma kwa Kiingereza hatafuti tena ni nini kilitokea. Macho yake yanabaki huru kutazama maneno. YouVersion ina tafsiri nyingi na sauti za kusikiliza. Lakini naomba sana: asipewe King James ya mwaka 1611. "Thou", "hath" na "begat" havitamsaidia darasani, vitamchekesha mwalimu. Good News Translation iliandikwa kwa Kiingereza chepesi, na New International Reader's Version iliandaliwa makusudi kwa wanaoanza kusoma. Tena tusijidanganye kwamba Biblia peke yake itampa maneno ya fizikia. Itampa mazoea ya kusoma kila siku, nayo si kitu kidogo.

Pasipo mtandao, na kwa mama asiyesoma

Katika kambi za Uganda hali ni nyingine: simu moja kwa watu sita, mega za bei, umeme wa jua. Hapo programu inayodai intaneti kila dakika haifai. Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality, iliundwa kwa mahali kama hapo: masomo yanapakuliwa mara moja kwenye kompyuta ndogo, kisha simu na kompyuta nyingine zilizo karibu zinayasoma bila intaneti yoyote. Kanisa lenye chumba, sahani ya jua na kijana mmoja anayeelewa vyombo linaweza kulishughulikia hilo. Kwa jamaa yenye simu moja tu, heri kupakua hadithi kumi na sauti zake usiku ambapo mtandao ni nafuu, na watoto wakazisoma juma zima kwa zamu, mkubwa akimsomea mdogo.

Mama ambaye hakupata shule ana mzigo wa peke yake. Programu nyingi za Kiingereza zinadhani mtumiaji anajua kusoma lugha fulani tayari. Kwake kila kitufe ni fumbo. Kwake ninashauri aanze na herufi kwa Kiswahili, ambacho anakielewa na ambacho maandishi yake ni ya haki, miezi kadhaa tu, ndipo Kiingereza. Waalimu wa alfabeti katika makanisa yetu wanaijua kazi hii, na somo lao linaweza kwenda kwa sauti ya WhatsApp na picha ya ukurasa. Anayelenga uraia wa Marekani ajue kwamba sehemu ya kusoma na kuandika ya mtihani huo si kubwa kama watu wanavyotishana: unapewa sentensi hadi tatu na kusoma moja bila kosa la kuharibu maana, kisha hadi tatu na kuandika moja. Serikali yenyewe imetoa orodha fupi ya maneno yanayotumika, bila malipo. Aliyefikisha miaka 50 na kukaa kule kwa kibali cha kudumu miaka 20 haulizwi Kiingereza kabisa.

Nasi tuliobaki huku tuna kazi. Bibi aliye Uvira au Kalemie hawezi kumfundisha mjukuu Kiingereza, lakini anaweza kurekodi hadithi ya dakika tatu, taratibu, akimtaja mjukuu kwa jina, na kuituma. Mjukuu aiandike kwa Kiswahili, aigeuze kwa Kiingereza, apige picha kurasa mbili na kuzirudisha. Upande wa Kiswahili bibi atausoma mwenyewe, au atasomewa na jirani, na kama mjukuu amesahau jina la mto au la shangazi, amrekodie tena sehemu hiyo.